Mpira wa Chini wa Kikongwe

3 Machi

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za wifi yako. Huku machimboni tu wazima, vumbi tu ndilo linatusumbua. Wifi yako anakohoa kidogo lakini mdomo haujapungua kasi, na anasema nikukumbushe zile shuka ulizomwahidi. Mtoto ameota meno mawili na ameshayajaribu kwenye kidole changu. Mtandao ni ule ule wa kupanda juu ya kifusi na kunyoosha mkono, kwa hiyo barua zangu zitaendelea kuja na Mapengo, dereva wa lori letu, na zako mpe yeye akipita huko.

Ni huyo huyo Mapengo aliyeniletea habari. Anasema alikukuta alfajiri nje ya kiwanda cha mikate, umekaa nyuma ya usukani wa Kikongwe, makreti yamepangwa hadi juu. Nikamwambia umefananisha. Akasema pikapu ya bluu yenye mlango mmoja wa kijani ni moja tu, haifananishwi. Kwa hiyo ni kweli. Baba amekupa gari, na mimi mtoto wake wa kwanza, fundi niliyekulia chini ya gari hilo hilo, nimeambiwa na dereva wa lori.

Haya, hongera. Sasa nisikilize vizuri. Kikongwe hatakufa kwa injini, atakufa kwa maji. Kila asubuhi kabla hujawasha, injini ikiwa baridi, fungua boneti uiminye mipira miwili ya maji ya rejeta kama Baba anavyofanya. Ukiuona mpira umelegea na kubonyea ovyo, umekwisha. Ukiwa mgumu na unalia ukiuminya, huo nao umekwisha. Chungulia hasa karibu na klipu, hapo ndipo unapoanza kuvimba na kupasuka. Nilipokuja mara ya mwisho ule wa juu ulikuwa umeshaanza kutoa kitambi. Na kifuniko cha rejeta usikifungue gari likiwa la moto hata ukiambiwa na nani, utachunika uso.

Ule wa juu mpe fundi yeyote mwenye akili timamu. Wa chini usiuguse. Nitakuja likizo niubadilishe mwenyewe. Utaratibu wa nyumbani unaujua: mpira wa chini ni wa Baba, na baada ya Baba ni wangu.

Msalimie shemeji, Mama, na huyo mzee aliyesahau kwamba ana mtoto wa kiume.

Kaka yako


29 Machi

Kaka yangu mwenye hasira zako,

Salamu zimefika, na meno ya mtoto yametuchekesha sana. Mwambie wifi shuka zipo, Mapengo ndiye aliyekataa kuzibeba, anasema yeye si duka. Shemeji yako amepata zamu za mchana kwa hiyo siku hizi tunaonana, jambo ambalo limeleta ugomvi mpya. Mama anadai anaumwa magoti, lakini akisikia jirani ana habari anafika kabla yangu.

Kuhusu gari, usinune. Baba hakunipa kwa sherehe. Jicho limemzidi, haoni tena pembeni, na siku alipopanda ukingo wa barabara na kumkosakosa mtu wa baiskeli, alirudi, akaweka funguo mezani mbele yangu, akaenda kulala. Wewe ungekuwepo angeziweka mbele yako. Hukuwepo.

Sasa habari yenyewe. Mpira wa juu nimeubadilisha mimi! Siyo fundi yeyote mwenye akili timamu, mimi. Baba alikaa kwenye stuli yake, akaniongoza kwa mdomo. Nilikinga maji ya rejeta kwa beseni la Mama la kufulia, na mpaka leo kesi haijaisha. Mpira ulikuwa umeganda kwenye shingo ya rejeta, nikataka kuuchokonoa kwa bisibisi, Baba akapiga kelele hadi majirani wakatoka. Akasema shingo ya mzee haichokonolewi, chana mpira kwa kisu, ni wa kutupa huo. Nikachana, nikasugua shingo kwa msasa, nikavisha klipu kwanza, nikapaka maji ya sabuni, mpira ukaingia wenyewe. Klipu nikaikaza mpaka Baba akasema basi. Kesho yake baada ya mzunguko wa mikate akaniambia niikaze tena kidogo, maana mpira mpya hujilaza.

Fundi Kofia wa gereji ya kona alikuja kutazama, akasema kazi yangu safi kuliko ya vijana wake. Nimekuandikia hilo makusudi.

Baba anasema wa chini nao umechoka, hautafika likizo yako. Ya madukani huku ni mipira ya kuchezea watoto, inalainika kabla mwezi haujaisha. Huko kwenu stoo imejaa. Nitumie mmoja, kaka, na unielekeze. Baba karibuni atafanyiwa operesheni ya jicho na hatakuwa na mimi pale nje. Amesema wewe utaniambia yote.

Mdogo wako, dereva


18 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Kikohozi cha wifi yako kimeisha. Mtoto anatambaa.

Nimesoma barua yako, nikairudia. Nina maswali. Stuli aliyokalia Baba ni ile ya mbao yenye mguu uliofungwa waya? Aliishika tochi mwenyewe? Alicheka? Maana mimi nilipojifunza mpira wa juu hakukaa kwenye stuli yoyote, alisimama nyuma ya shingo yangu akihema, na nilipokosea hakuniambia chana kwa kisu. Alininyang'anya spana akanifukuza nikale. Nilifukuzwa kula mara nyingi kiasi kwamba nilinenepa.

Na huyo Kofia anatafuta nini uani kwetu? Mtu anayevaa kofia ya sufu wakati wa joto nisingempa hata baiskeli.

Mpira wa chini umo kwenye mfuko huu. Ni mpya na mzito, ni wa aina tunayoweka kwenye mitambo, nimeukata urefu wa Kikongwe kwa kumbukumbu yangu mwenyewe. Maelekezo sina la kuongeza, naona una mwalimu mzuri.

Likizo yangu imesogezwa mbele. Sijui lini.

Kaka yako


11 Mei

Kaka,

Mfuko umefika, asante, na mpira umekaa sawasawa kama ulipimwa hapa hapa. Mkono wako haujasahau. Jicho la Baba limefanyiwa kazi, bandeji bado, na daktari amemkataza kuinama na kukaa kwenye vumbi. Analala chumba cha nyuma, pazia limefungwa, anasikiliza redio na kubishana na mtangazaji. Mama anamlisha kwa kijiko ingawa mikono yake ni mizima, na yeye amenyamaza kimya anakula.

Nilimwambia Baba kupitia mlango: nibadilishe wa chini au nimngoje Kaka? Akapunguza redio, akasema, "Fanya. Nakuamini."

Kwa hiyo nimefanya, Kaka. Mpira wa chini! Nililala chali kwenye gunia, maji yakaniingia sikioni, lakini nilifanya peke yangu. Nilijaza maji, nikawasha gari kifuniko kikiwa wazi, nikafungua hita, nikangoja hewa itoke mpaka maji yakatulia. Halikudondoka hata tone. Nilipoingia ndani Baba akauliza, "Umerudisha kila kitu?" Nikasema kila kitu. Akanyoosha mkono, akanishika kichwa. Unajua yeye si mtu wa kushika vichwa.

Kuna kitu kimoja nataka kukuuliza. Mpira wa zamani nilipouchana nilikuta ndani yake waya mnene umejiviringisha, kama springi ndefu, umeshika kutu kidogo. Wako mpya hauna, nikadhani ni wa zamani usiohitajika tena, nikautia kwenye kopo la Mama la vifungo. Ule waya ni wa nini?

Kikongwe anakusalimu. Anatembea vizuri.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Sijambo, ila mguu wangu umegongwa na jeki, si sana, nachechemea tu na wifi yako anafurahi kwamba sasa ananikuta nyumbani. Mvua zimetukosa. Mtoto amesimama kwa kushika meza, akaanguka, akalia kwa sauti ya Mama kabisa, mpaka nikageuka kutazama mlangoni. Mashine ya kusaga kokoto imekufa na mimi ndiye ninayetazamwa na kila mtu. Chakula cha kantini kimeharibika zaidi. Mapengo ameng'oka jino jingine.

Nitakwambia ukweli maana nikiuweka utanichachia tumboni. Naona wivu. Umri huu, na mke na mtoto, nimelala nikikodolea bati macho kwa sababu Baba amekushika kichwa. Mimi mpira wa chini niliungoja ujana wangu wote. Nilikuwa nafungua gia boksi na bado mpira wa chini naambiwa nikae pembeni. Alinipa mara moja tu, siku ile ninaondoka nyumbani, na nilipomaliza alichungulia, akasema "Sawa," akaingia ndani. Sawa! Hakunishika kichwa wala bega. Nimeishi na ile "sawa" mpaka leo. Wewe umeshika usukani juzi tu na tayari "nakuamini."

Basi. Nimesema.

Ukipata tatizo lolote na gari usimpelekee Kofia. Niandikie mimi kwanza.

Kaka yako


24 Juni

Kaka,

Salamu kwa wifi na mtoto, na pole ya mguu. Leo sina habari ndefu za nyumbani.

Kikongwe anachemsha. Nikiwa mjini, polepole, duka hadi duka, hana neno. Nikishika barabara kuu ya kwenda vituo vya mlimani na kukanyaga mafuta, mshale unapanda hadi mwisho. Jumatatu nilisimama katikati ya mlima, mvuke unatoka chini ya boneti, na watu wakasimama kuuliza kama nauza chai. Mikate ilifika baridi na imechelewa. Nikingoja apoe, nikiwasha hapo hapo, anatulia kama hakuna kilichotokea. Havuji popote. Nimeminya mipira yote miwili, ni mizima.

Nimemwita Kofia, nisamehe, maana wewe uko mbali na Mapengo hapiti kila siku. Kwanza akasema thamostati, tukabadilisha, bado. Akasafisha rejeta, bado. Sasa anasema ni gasketi ya kichwa, injini ifunguliwe yote. Baba alisikia kupitia dirisha. Akasema mzee wa namna hiyo hafunguliwi tena, auzwe kwa wenye vyuma chakavu, na akageukia ukutani. Tangu siku hiyo hajawasha redio. Mnunuzi anakuja mwezi ujao mwanzoni, na kiwanda cha mikate kimeshanionyesha mwenye bajaji atakayechukua njia yangu.

Kaka, nilikuuliza swali kwenye barua ya Mei. Umenijibu habari za mguu, mvua, kantini na jino la Mapengo. Ule waya hukuugusa. Nakuuliza tena. Baba sijamuuliza, kwa sababu nilishamwambia kila kitu kimerudi, na nikimuuliza leo atajua kwamba nilisema nisichokijua. Sitaki autoe ule mkono kichwani kwangu.

Unasema unaona wivu. Mimi je? Wewe ulifukuzwa ukale kwa sababu ulikuwa na spana mkononi. Mimi sikuwahi kufukuzwa, maana nilikuwa nashika tochi tu. Ulipoondoka nilifikiri sasa ataniona. Akawa anazungumza habari zako kwa wateja, mtoto wangu yuko machimboni, mtoto wangu anafungua mitambo. Mimi nipo pale pale nimeshika tochi, na ikifika zamu ya mpira wa chini hata hiyo ananinyang'anya.

Nijibu.


1 Julai

Mdogo wangu,

Usifungue injini. Usiuze gari.

Mpe mtu usukani apige resi huku wewe umechungulia mpira wa chini. Utauona unanyonywa, unabanana, maji hayapiti. Ukiachia mafuta unajirudi, ndiyo maana ukiuminya umesimama unaona mzima. Pampu inavuta maji kupitia ule wa chini, na ule waya kazi yake ni kuuzuia usibanane. Utoe koponi, usafishe kutu, uusukume ndani ya mpira mpya, ufunge.

Nilijua tangu nilipoutuma mpira ule. Niliiona nafasi, nikakaa kimya ili uniandikie kwamba umeshindwa.

Mapengo anaondoka sasa hivi, nimeshika mlango wa lori. Mwambie Baba mimi ndiye niliyekosea.

Kaka


6 Julai

Kaka,

Tunakusalimu wote. Mapengo tunasikia amekwama, lori limevunja ekseli njiani, kwa hiyo kama kuna barua yako bado iko naye porini.

Jana mnunuzi alikuja. Mtu mnene, mpole, alikuwa anamgongagonga Kikongwe ubavuni kama anachagua tikiti. Baba bandeji imetoka, ana miwani nyeusi, akatoka nje, alisema, kumuaga Kikongwe. Akaweka mkono kwenye boneti. Kisha akaniambia, "Washa. Piga resi." Nikapiga. Yeye akainama alikokatazwa na daktari, akaingiza mkono chini bila kutazama, akaushika mpira wa chini. Nikamwona uso unabadilika. Akapiga ngumi kwenye bamba, ishara kwamba niachie mafuta. Akamwambia mnunuzi, "Samahani, ndugu yangu, haliuzwi."

Mnunuzi alipoondoka akaniuliza, "Springi iko wapi?"

Nikaenda nikalileta kopo la Mama. Akaitoa katikati ya vifungo, akaifuta kwa shati lake, akaigeuzageuza. Nikamwambia sikujua, nilidhani haihitajiki. Akauliza kama hukunieleza. Nikasema ulisahau.

Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. Akasema, "Hii asingeisahau. Ameisokota yeye mwenyewe."

Ndipo akanieleza. Siku ile unaondoka, springi ya asili ilikuwa imekatika, na wewe ukachukua waya ukausokota kwenye bomba la jeki, ukaukata, ukauweka, hukuwaambia watu. Yeye alichungulia akaona imekaa vizuri kuliko ya kiwandani. Akasema sawa, akaingia ndani haraka, kwa sababu alikuwa anakaribia kulia na hakutaka uondoke ukiwa umemwona analia. Mama amethibitisha, anasema alijifungia chooni mpaka basi lako likaondoka.

Tangu siku hiyo kila mpira wa chini unapochoka anaubadilisha peke yake. Anaitoa springi yako, anaipiga msasa, anairudisha. Ndiyo maana alikuwa ananinyang'anya tochi. Hakutaka mkono mwingine uipoteze. Miaka yote hii, Kaka, sisi wawili tumegombania mpira, kumbe yeye alikuwa analinda waya.

Tumeirudisha. Nimepanda mlima na mzigo kamili, mshale umelala katikati haujasogea. Mwenye bajaji amerudi kwenye biashara yake ya kubeba nyanya.

Nimefungua tena bahasha. Mapengo amefika mchana huu na barua yako ya tarehe moja. Nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni. Nilitaka kukutukana, nikaanza, nikaacha, kwa sababu na mimi nilikuandikia habari za Kofia na za kushikwa kichwa nikijua zitakuchoma wapi. Baba nimempa ujumbe wako. Akasema, "Alikuwa anajua?" Nikasema ndiyo. Akakaa. Halafu akauliza likizo yako ni lini.

Springi imeliwa na kutu upande mmoja, haitamaliza mwaka. Nikamwambia Baba waya ninaweza kuutafuta, bomba la jeki lipo, anionyeshe niisokote. Amekataa, Kaka. Amenishika kichwa tena, kwa upole kabisa, na amekataa. Waya ameshaununua mwenyewe, kaujaribu kwa meno, kautundika kwenye msumari mlangoni kwake, na amesema usiguswe na mtu mpaka uje.

Kila asubuhi nikienda kuchukua funguo naupita pale, na wivu ninaouona, Kaka, hata huo wako haufikii.

Njoo uusokote.

Mdogo wako